Fimbo ya Rangi Tatu

Mimi si mfupi. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu najua watu wa hapa Masinga wameshaisimulia habari hii kwa njia yao, na kila anayeisimulia ananipunguza kidogo. Ikifika kwa mtu wa tano nitakuwa nimebaki kimo cha mbuzi. Mimi ni mwanaume wa kimo cha kawaida aliyeoa mwanamke mrefu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Jina langu ni Kiema. Ni mhudumu wa afya ya jamii, wale wa koti la buluu na mkoba mgongoni, tunaopita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anakohoa na choo kiko wapi. Kijijini wananiita daktari, nami sijaona sababu ya kuwakatiza.

Shida yetu kubwa hapa ni kichocho. Tunaishi kando ya bwawa. Tunalima nyanya na sukuma wiki ukingoni, miguu ikiwa majini, tunavua samaki, tunafua nguo, na watoto wanaogelea hata ukiwafukuza kwa mawe. Minyoo ya kichocho imo humohumo na inaingia kwenye ngozi bila kupiga hodi. Kwa hiyo kila mwaka inaletwa dawa ya bure, na kila mtu anatakiwa kumeza, anayeumwa na asiyeumwa. Ni vidonge vikubwa vyeupe, vichungu kupita maelezo, na idadi yake inategemea ukubwa wa mwili wako. Mizani ya kubeba kijiji hadi kijiji hatuna, na tuliyowahi kupewa ilikufa wiki ya kwanza. Basi tunapima kwa urefu. Unasimama kando ya fimbo iliyochorwa, nami nasoma pale kichwa chako kinapofika.

Fimbo ya zamani niliipenda. Ilikuwa na mistari saba na nambari ndogondogo: huyu vidonge viwili, yule viwili na nusu, mwingine vitatu. Kukata zile nusu kwa kisu cha jikoni ilikuwa vita. Kipande kimoja kinaruka huku, kingine kinaokotwa na kuku, na ninaamini kuku wangu ndio wenye matumbo safi kuliko wote katika kaunti nzima. Lakini fimbo ile ilikuwa na heshima zake. Hakuna aliyeweza kuisoma isipokuwa mimi. Nilijipima mbele ya watu, nikakunja uso, nikataja nambari fulani kwa sauti ya kitaalamu, nikameza vidonge vyangu vitatu, na hakuna mtu aliyejua maana yake ni nini.

Mwaka huu tukaitwa Machakos mjini kwa mafunzo ya siku mbili. Mkufunzi akainua fimbo mpya kwa furaha ya mtu anayeonyesha mtoto wake wa kwanza. Mistari saba imekwisha, akasema. Nusu zimekwisha. Sasa kuna rangi tatu tu. Kijani chini, vidonge viwili. Njano katikati, vitatu. Nyekundu juu, vinne.

"Tumerahisisha," akasema. "Hata mtu hajaenda shule akiangalia ataelewa."

Wenzangu walipiga makofi mpaka viganja vikawauma. Wakati wa chai nilienda nyuma ya ukumbi na ile fimbo, nikavua viatu, nikajipima kisirisiri. Njano. Vidole vitatu tu vya mkono vilinitenga na nyekundu.

Ni vizuri mjue njano ni rangi ya nani. Njano ni rangi ya wasichana wa darasa la saba na ya wavulana ambao sauti bado haijavunjika. Kasiva, mke wangu, anaingia nyekundu bila hata kunyoosha shingo. Na sasa mkufunzi mmoja mwenye tabasamu alikuwa amepanga kwamba nisimame mbele ya kijiji kizima na kila mtu, pamoja na watoto wa chekechea, aone.

Ningevumilia, kama si mama mkwe.

Kwetu Ukambani mwanaume na mama mkwe wake wanatenganishwa na nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu. Hamli pamoja, hamtazamani usoni, na mkiwa na jambo la kuambiana mnalipitisha kwa mtu mwingine hata kama mmesimama hatua mbili. Mkikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Mama mkwe wangu, Mwaitu Syokau, nami tumeishi hivyo miaka kumi na minne, boma lake likiwa ng'ambo tu ya kijito, na tumeishi vizuri. Lakini sijasahau siku ya ntheo, siku ukoo wangu ulipopeleka mbuzi ili Kasiva awe wetu. Mwaitu alitoka nje, akatazama juu ya kichwa changu mpaka barabarani, akawauliza wajomba zangu, "Na bwana arusi amebaki nyuma na mbuzi?"

Mbuzi walikuwa wamefika. Mimi ndiye niliyewashika kamba.

Sasa Mwaitu Syokau alikuwa mgonjwa. Amelima nyanya zake ukingoni mwa bwawa miaka thelathini. Kwa miaka miwili tumbo lilikuwa linavimba huku mikono ikikonda, na Kasiva alikuwa ameona damu kule chooni. Hospitali hakutaka kuisikia, kwa sababu dada yake aliingia kwa miguu akarudi kwenye sanduku. Sista Mutheu, muuguzi wa kituo chetu cha afya, alimwona siku moja sokoni, akanivuta kando.

"Kiema, huyo mama ini yake inaharibika. Akipata dawa sasa, iko na nafuu. Mwaka ujao siwezi kuahidi kitu."

Kasiva alimbembeleza mama yake mwezi mzima. Mwishowe Mwaitu akakubali kwa sharti moja. Hapa kijijini hakuna anayemeza dawa ya bure kabla aliyeileta hajameza mwenyewe mbele ya watu wote, hilo linajulikana. Yeye aliongeza la kwake: angemeza akimwona mkwe wake anameza kwanza na kubaki amesimama.

"Baba Ndanu," Kasiva akaniambia jioni ya kuamkia siku ya dawa, "kesho uko na kazi moja tu. Umeze, usimame, mama aone. Hiyo tu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Na kweli sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na nia ya vidole vitatu.

Asubuhi nilijifungia nyuma ya zizi la mbuzi na akala zangu kuukuu, zile ndala za tairi la lori. Nilizikata nyayo kwa kisu, nikazipanga mbili mbili ndani ya gambuti zangu za mpira, nikazikanyaga zikakaa. Kazi hiyo si rahisi inavyosikika, na ilikula muda wote wa kifungua kinywa. Kasiva alikuwa ameniwekea sahani ya muthokoi, mahindi na maharagwe, mezani.

"Kula kwanza. Si wewe unaambia watu dawa haimezwi na njaa?"

"Nitakula nikirudi."

Akaniangalia miguuni. "Na hizo gambuti ni za nini?"

"Umande."

"Umande," akasema. "Februari."

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Mwaitu Syokau aliketi mwisho kabisa, karibu na ukuta, amenigeuzia bega kama nthoni inavyotaka, lakini jicho moja halikuwa na nthoni yoyote. Nilieleza kila kitu kwa ufasaha. Nikawaambia wavue viatu kabla ya kupimwa, maana kiatu kinadanganya. Kisha nikasimamisha fimbo mlangoni pa kanisa, nikaisogelea na gambuti zangu, nikanyoosha mgongo.

Aliyekuwa karibu ni Hirsi, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka mjini, mtu mrefu sana ambaye kila akija kwetu anainama mlangoni. Nikamwomba asome. Akakodoa macho.

"Nyekundu," akasema, kwa sauti ya mtu anayemsomea mwenzake barua isiyo yake. "Kidogo, lakini nyekundu."

Sikuwahi kusikia neno tamu hivyo kutoka kwa mwanaume. Sista Mutheu alikuwa ameinama juu ya daftari lake, akaandika nyekundu, akanihesabia vinne. Nilivimeza kimoja kimoja, polepole, nikihakikisha ule upande wa ukuta unaona. Watu wakaanza kupanga foleni. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaitu akainuka, akajifunga leso yake vizuri, akajiunga mwishoni mwa mstari. Kasiva akanitazama, na lile tabasamu alilonipa ningeweza kuishi nalo mwaka mzima.

Nilikuwa nampima mtu wa kumi wakati uwanja ulipoanza kutikisika. Jasho lilinitoka, baridi. Tumbo lililokuwa tupu tangu jana liliviuliza vile vidonge vimekuja kufanya nini, na havikuwa na jibu. Nilijaribu kuegemea fimbo. Mtu aliyesimama juu ya matairi manne akianza kuyumba hana pa kukanyaga, kila upande ni mteremko. Nilianguka kifudifudi mbele ya kijiji changu, na nikiwa hapo chini nikatapika kila nilichomeza.

Kilichofuata nilikisikia tu. Miguu inakimbia. Mama mmoja anamwita Yesu. Mwingine anasema alishajua, dawa ya bure haiwezi kuwa dawa. Foleni ilivunjika kama haikuwahi kuwepo. Nilipoinua kichwa, Mwaitu Syokau alikuwa anaelekea langoni, na aliongea na Kasiva bila kugeuka.

"Kama daktari mwenyewe ameangushwa hivyo, mimi nitazikwa kesho."

Mchana ule Kasiva alinilaza kwenye mkeka nje ya nyumba, akanipa uji, akashika gambuti kunivua. Nilimwambia aziache. Akavuta. Gambuti ya kwanza ilitoka na vipande viwili vya tairi vikaanguka chini. Akavuta ya pili. Akaviokota vyote vinne, akavipangusa kwa kiganja, akavipanga juu ya kigoda karibu na bakuli langu la uji.

"Ni vidole ngapi hivi?" akauliza.

"Vitatu."

"Mama yangu atakufa kwa sababu ya vidole vitatu."

Nilitaka kumweleza habari ya rangi, na darasa la saba, na siku ya ntheo. Nikaona jinsi itakavyosikika, nikavuta bakuli la uji. Nilijionea aibu, na haikuwa ile aibu ya kuchekwa ambayo nimeizoea. Hii ilikaa kifuani na haikutaka kuondoka.

Sista Mutheu alikuja baadaye kidogo kunipima presha. Aliona vile vipande kwenye kigoda, akaviangalia, akaniangalia. Ni mwanamke mwenye akili nyingi na huruma kidogo.

"Kidonge kimoja zaidi haiwezi kuua mtu," akasema. "Wewe umeangushwa na njaa, na jua, na hizo tairi. Na vile umetapika yote, ni kama hukumeza. Utarudia. Vitatu, na ukule kwanza."

"Na wale wengine?"

"Tumemezesha watu tisa. Tisa, Kiema, kati ya watu mia moja na zaidi. Jumamosi nitapita mara ya mwisho, na jioni masanduku yanarudi Machakos. Mimi siwezi kuwaambia kitu tena. Wewe ndiye walikuona ukianguka, wewe ndiye utawaambia kwa nini."

Siku tatu zile nilizipitisha nikitafuta njia nyingine ya kusema. Ningesema nilikuwa na malaria. Ningesema nilikula samaki mbaya. Kila uongo niliotunga ulikuwa mzuri, na kila mmoja ulimwacha Mwaitu nyumbani na tumbo lake. Mtu anayeogopa dawa haponi hofu kwa kuambiwa kwamba daktari alikuwa na bahati mbaya. Angepona hofu kwa kuambiwa kwamba daktari alikuwa mjinga, na hilo lilikuwa na ushahidi.

Jumamosi Kasiva alinilisha. Sahani ya muthokoi, kisha sahani nyingine ya muthokoi, na akasimama hapo mpaka nikamaliza. Nikachukua fimbo begani, nikavuka kijito bila viatu. Sikuenda uwanja wa kanisa. Nilienda moja kwa moja bomani kwa mama mkwe, jambo ambalo mkwe mwenye akili halifanyi bila kuitwa, na Sista Mutheu akaja nyuma yangu na sanduku lake. Ukitaka watu wakufuate hapa kwetu huhitaji kipaza sauti. Pita tu peku na fimbo begani ukielekea kwa mama mkwe wako. Tulipofika, nusu ya kijiji ilikuwa imeegemea ua, na Hirsi alikuwa ndani tayari, akipapasa mgongo wa beberu la Mwaitu akitafuta kasoro.

Hirsi aliniangalia kutoka juu hadi chini, safari ambayo haikuchukua muda.

"Daktari," akasema, "juzi ulikuwa mrefu. Nini imekukula?"

Watu wakacheka. Niliwaacha wamalize. Kisha nikasimamisha fimbo kwenye ukuta wa ghala, nikasimama kando yake na nyayo zangu zikiwa vumbini, nikamwita Kasiva asome.

"Njano," Kasiva akasema.

"Sema kwa nguvu."

"Njano."

Nikawaambia yote. Tairi, kisu, zizi la mbuzi. Nikawaambia nilimeza dawa ya mtu mwingine, ya mtu mrefu ambaye hayupo, tena kwa tumbo tupu baada ya kuwaonya wao wasifanye hivyo. Nikawaambia wale tisa waliomeza kipimo chao wako hapa, waangalieni, hakuna aliyeanguka. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee mmoja aliomba nirudie sehemu ya tairi. Nikairudia.

Mwaitu Syokau alikuwa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye beberu. Sista akanihesabia vitatu. Nthoni ingetaka niwape watu mgongo, maana mtu hatii kitu mdomoni mbele ya mama mkwe bomani kwake, kwa hiyo nikageukia ghala, nikameza, nikageuka tena nikasimama. Sista akasema nusu saa. Nilisimama nusu saa juani, peku, nikitazamwa kama kitu kinachopigwa mnada. Tumbo lilinguruma mara moja tu, na kila mtu akasogea hatua moja nyuma. Kisha likatulia. Nilibaki wima.

Mwaitu akatoka mlangoni.

Alitembea polepole hadi kwenye fimbo. Zamani alikuwa mwanamke mrefu. Kasiva kimo chake hakukiokota njiani. Lakini miaka ya kuinamia nyanya imeukunja mgongo. Nikainamisha macho chini, kama ninavyofanya kila akiwa karibu. Kasiva akaweka kiganja juu ya kichwa cha mama yake, akaangalia, akashangaa.

"Nyekundu, Mwaitu."

Watu wakanong'ona kwa heshima.

"Mwambie Sista aandike nyekundu," Mwaitu akasema. "Mimi nilikuwa naingia kwa hii nyumba nikiinama."

Wote walikuwa wanatazama kichwa chake. Mimi peke yangu nilikuwa nimetazama chini, kwa sababu ndiko desturi ilikoniweka macho miaka kumi na minne. Na kule chini, chini ya pindo la gauni, niliona visigino viwili vyenye nyufa vikiwa hewani, vinatetemeka.

Sijawahi kumwelewa binadamu yeyote kama nilivyomwelewa mama mkwe wangu dakika ile. Nilijua hata anachofikiria. Najua pia nilichofikiria mimi: nyamaza. Hakuna mwingine aliyeona. Ataandikwa nyekundu, atafurahi, nami nitakuwa mkwe mwema. Halafu atameza vinne vya yule mwanamke aliyekuwa zamani, na mwili huu wa sasa ambao hauna nyama mikononi utavirudisha vyote hapa hapa mbele ya ghala, na baada ya hapo hakuna kidonge kitakachopita mdomoni mwake tena.

"Mwaitu," nikasema. Nilimwambia yeye, si Kasiva. "Shusha visigino."

Kasiva alinitazama kana kwamba nimemvua mama yake leso. Hirsi, ambaye anacheka hata matangani, aligeuka akamtazama beberu. Nilitamani nitapike, angalau ningekuwa na sababu ya kuinama.

Kisigino kimoja kikashuka. Kisha cha pili. Kiganja cha Kasiva kikashuka pamoja na kichwa, kikapita mstari, kikasimama katikati kabisa ya njano.

Mwaitu alivuta pumzi. "Huyu mtu alileta hii ya rangi ako na roho mbaya," akasema, akiiambia fimbo. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Hakuna mtu alikuwa anaelewa."

"Hata mimi niliipenda ile, Mwaitu."

Sista Mutheu aliuliza tu kama mama amekula, Mwaitu akasema ameshakunywa uji na kula viazi vitamu viwili, na Sista akaweka vidonge vitatu kwenye kiganja chake. Alimeza cha kwanza, maji. Cha pili, maji. Cha tatu kilikataa kidogo, akajipiga kifuani, kikaenda. Hakukunja uso hata mara moja. Kisha akageuka, akanielekea mimi, akafungua mdomo wote na kutoa ulimi, kama watoto wa shule wanavyofanya nikipita kukagua. Nikatazama ndani ya mdomo wa mama mkwe wangu. Sidhani kuna mwanaume mwingine Ukambani aliyewahi kufanya hivyo akabaki na mke. Mlikuwa na meno sita na hakuna kidonge.

"Umemeza," nikasema.

"Na wewe fungua."

"Nilimeza kitambo, Mwaitu. Umeniona nimesimama."

"Ulinipa mgongo," akasema. "Mimi nilikuona ukisimama. Kumeza sikuona."

Nikafungua. Alisogea karibu, akanishika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza kwenye mwanga, kushoto, kulia. Alichukua muda wake. Nilikuwa na machozi na nisingeweza kuyapangusa, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa mikononi mwa mtu ambaye hajanigusa tangu anijue.

"Ni sawa," akasema, akaniachia.

Sista alimwambia akae. Alikataa. Alisimama kando yangu nusu saa nzima, ameegemea ghala, mkono juu ya tumbo, na hakuna aliyethubutu kuondoka. Mara moja alifumba macho na Kasiva akanishika mkono kwa kucha. Akayafumbua. Sista alipoangalia saa na kusema zimetosha, Mwaitu alikuwa bado wima. Sista akamweleza kwamba damu haitakoma kesho, na kwamba Jumatatu atakuja kituoni apimwe lile ini, na Mwaitu, badala ya kubisha, akauliza ni saa ngapi.

Kisha akajifunga leso upya na kuwageukia watu waliokuwa wameegemea ua wake.

"Haya, hamna kazi?" akasema. "Nani mwingine hapa ni wa njano?"

Wakasogea kumi na wawili kwa mpigo, na watatu kati yao walikuwa nyekundu kabisa.